Utulivu wa Jikoni

(Mada iliyotolewa katika darsa la baina ya Maghrib na Isha, Temeke, Dar es Salaam)

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Ama baad. Ndugu zangu, tuliletewa hapa vikaratasi viwili vya maswali. Cha kwanza kimetoka kwa ndugu yetu mmoja anayeendesha bajaji. Anaeleza kwamba akirejea nyumbani jioni, mwili umechoka na kichwa kimejaa kelele za barabarani, hapati raha kwa kulala wala kwa kutazama televisheni, bali huipata anapokaa uani, akakuna nazi, akachambua mchele na kupika. Wenzake kijiweni wanamcheka, wanamwita kwa majina ambayo sitayataja katika nyumba hii ya ibada. Anauliza: je, hii ni aibu kwa mwanamme, na je, ni kupoteza wakati? Kikaratasi cha pili kimetoka upande wa dada zetu, nacho ni kifupi sana: "Ustadhi, sisi tunaoambiwa kila siku kwamba jiko ndiyo raha yetu, tutapumzika lini?"

Nimeona nisiyajibu maswali haya mbalimbali, kwa sababu kila moja linamfungulia mwenzake mlango. Yule anatafuta ruhusa ya kuingia jikoni, na huyu anatafuta ruhusa ya kutoka.

Tuanze na hili neno raha. Watu wengi wanadhani kupumzika ni kulala au kukaa bure. Lakini tazameni swala ya Tarawehe. Jina hilo ni wingi wa neno la Kiarabu lenye maana ya pumziko moja, kwani watu wa zamani walikuwa wakiketi kupumzika kila baada ya rakaa nne. Ni swala ndefu ya kusimama, na juu ya hayo imepewa jina la mapumziko. Basi raha ya mwanadamu si lazima iwe katika kuacha kila kazi. Aghalabu huwa katika kuiacha kazi moja na kuingia katika nyingine isiyofanana nayo. Aliyeshinda amekaa hupumzika kwa kutembea, na aliyeshinda akibishana na watu hupumzika kwa kazi isiyojibu.

Na kupika ni kazi ya namna hiyo. Chukueni mfano wa wali wa nazi, ambao hakuna mtu hapa asiyeujua. Unaketi juu ya mbuzi, unakuna nazi kifuu kimoja baada ya kingine, na mkono unakwenda kwa mwendo mmoja. Unatia maji ya vuguvugu, unakamua, unaweka kando tui zito. Unakamua tena upate tui jepesi, hilo ndilo unalolitangulizia mchele. Ukilibandika tui motoni huna budi kulikoroga mpaka lichemke, vinginevyo litakatika. Mtu anayekoroga tui hawezi kuwa na simu mkononi, wala hawezi kuendelea na ugomvi alioutoka nao sokoni. Kazi ile inauchukua mkono na jicho, na inaiacha nafsi ipumue. Kisha maji yakikauka unapalia makaa juu ya kifuniko, unaketi, na harufu ndiyo inayokuja kukwambia kwamba mambo yamekaribia. Halafu kuna jambo jingine: kazi hii ina mwisho unaoonekana. Mtu wa ofisini anaweza kufanya kazi mwezi mzima asione alichokitengeneza. Mpishi baada ya saa moja anafunua sufuria.

Wataalamu wa zama zetu nao wamelichunguza jambo la karibu na hili. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kwa vijana 658 walioandika hali zao kila siku kwa muda wa siku 13. Waliona kwamba baada ya siku ambayo kijana ametengeneza kitu kwa ubunifu wake, hata kama ni kushona kwa nyuzi au kujaribu pishi jipya, siku iliyofuata alikuwa na hamasa zaidi na aliona maisha yake yana maana zaidi. Sisemi kwamba tunawahitajia wao ili tuikubali sunna. Nasema tu kwamba aliyefanya kwa mikono yake anayajua haya kabla hajaandikiwa.

Na katika sunna lipo lililo wazi zaidi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mama wa Waumini Aisha (r.a.), anapofariki mtu katika jamaa zake na wanawake wakakusanyika, kisha wakatawanyika wakabaki watu wake wa karibu, alikuwa akiamrisha ibandikwe sufuria ya talbina. Talbina ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, na wapo waliotia asali au maziwa, na jina lake limetokana na maziwa kwa weupe wake na ulaini wake. Kisha hutengenezwa tharidi, yaani mkate uliomenywa katika mchuzi, na ile talbina ikamiminwa juu yake, wakala. Na alikuwa akieleza kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kuwa chakula hicho huupumzisha moyo wa mgonjwa na huondoa sehemu ya huzuni. Ibn al-Qayyim amekieleza katika Zaadul Maad, katika mlango wa tiba.

Zingatieni wakati wenyewe. Hakuamrisha talbina pale watu walipojaa. Aliingoja nyumba itulie. Sisi hapa mjini msiba ukitokea hupikwa masufuria makubwa ya pilau kwa ajili ya wageni, na wenye msiba wenyewe huwa ndio wanaohangaika na kuni na mikopo. Na siku wageni wakiondoka, mfiwa anabaki na nyumba baridi, hakuna hata uji. Utaratibu ule ni kinyume cha huu wetu. Sitaliingia hilo leo kwa urefu, lina darsa lake.

Ama suala la aibu. Aswad alimuuliza Mama Aisha (r.a.) alikuwa akifanya nini Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake, akajibiwa kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Hadithi hii nayo imo katika Bukhari. Na katika riwaya nyingine yametajwa kushona nguo yake, kutengeneza viatu vyake na kukama mbuzi wake. Wapo wanaoisoma hadithi hii wakaongeza kwamba alikuwa akipika. Tuwe waaminifu katika elimu: kupika hakukutajwa kwa neno lake katika riwaya hizi. Lililotajwa ni huduma ya nyumba kwa ujumla, nayo inatosha kuvunja dhana ya kwamba kazi ya nyumbani inamshusha mwanamme. Na siku ya Khandaq, Jabir bin Abdillah (r.a.) alipochinja mnyama wake mdogo na mkewe akaandaa unga wa shayiri wa pishi moja, ni Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliyekuwa akimega mkate na kuweka nyama juu yake akiwagawia watu.

Na Umar bin al-Khattab (r.a.) habari yake inajulikana. Alitoka usiku pamoja na Aslam, wakaona moto nje ya mji, mahali paitwapo Sirar. Wakamkuta mwanamke na watoto wanaolia kwa njaa, na sufuria juu ya moto haina kitu ila maji. Akarudi akabeba unga na mafuta mgongoni mwake, na Aslam alipotaka kumpokea mzigo alikataa. Kisha akapika mwenyewe. Aslam anasimulia kwamba aliuona moshi ukipita katikati ya ndevu zake naye anapuliza moto chini ya chungu. Watoto walipokula na kushiba hakuondoka. Alikaa kando akiwatazama mpaka wakacheza na kulala, ndipo akainuka. Amiri wa Waumini, mtu ambaye majeshi yake yalikuwa Shamu na Iraki, hakuona kazi hii ni ya kumtuma mtu.

Basi wale wa kijiweni wanaomcheka ndugu yetu wa bajaji wanamcheka kwa kipimo gani? Ajabu ni kwamba haohao wakienda harusini hukuta wanaume ndio wapishi wa pilau, wamejifunga misuli, wanageuza masufuria kwa miiko mirefu kama makasia, na hakuna anayecheka, kwa kuwa pale pana malipo na sifa. Kumbe kinachoonekana aibu si kupika. Kinachoonekana aibu ni kumpikia mkeo na watoto wako.

Wala upishi si jambo duni katika historia yetu. Mwaka 623 Hijria, sawa na 1226, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu kizima cha upishi, akaihesabu ladha ya chakula kuwa ndiyo bora ya ladha za dunia, na akaeleza kwamba alikiandika kwa matumizi yake mwenyewe na ya anayetaka. Humo anamwelekeza mpishi apunguze kucha, aoshe vyombo vizuri na achague chungu cha mawe kabla ya cha udongo. Na huku kwetu pwani, Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 kuelekea Kilwa, hiyohiyo Kilwa ambayo barabara yake inapita hapa Temeke, aliandika kwa makini chakula alichokirimiwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Msafiri yule alionana na masultani na makadhi, na hakuona tabu kumwandikia msomaji habari za achari.

Nami niseme kidogo juu ya siku za masomo Khartoum, miaka ile kabla ya vita vilivyozuka huko Aprili 2023. Sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tulikula ful asubuhi, maharage yale yaliyopondwa kwa mafuta ya ufuta, na kisra kwa mchuzi wa bamia, nacho ni chakula kizuri chenye baraka. Lakini Alhamisi usiku, baada ya wiki nzima ya nahau na usuli, tulikuwa tukikutana chumba kimoja kusonga ugali. Nazi haipatikani kule, kwa hiyo mtu aliyetoka likizo na pakiti za tui la unga alipokewa kama aliyetoka Hija. Hakuna aliyekuja kwa sababu ya njaa tu. Mmoja anachambua mboga, mmoja anakata vitunguu, mmoja anasimulia, na yule aliyefeli mtihani anasahau kwa saa mbili kwamba amefeli.

Sasa nirudi kwa dada yetu, kwani swali lake ndilo zito, na nimelichelewesha kwa makusudi ili akina baba wasiinuke mapema.

Yote niliyoyasema yana sharti moja, nalo ni kwamba mtu awe ameingia jikoni kwa hiari na kwa nafasi. Ondoa sharti hilo, pishi lilelile linageuka kuwa mzigo. Hapa Temeke tunao mama lishe kuanzia Sterio hadi Tandika na Mbagala. Mama huyu anaamka kabla ya Alfajiri, anabandika chai na supu, mchana anapika wali, ugali, maharage na samaki kwa watu hamsini, jioni anaosha masufuria yake, na anaporejea nyumbani anamkuta mume ameketi barazani anauliza chakula kiko wapi. Kisha mume huyo huyo anasikia mawaidha kwamba jiko ni raha ya mwanamke, anaitikia kwa kichwa. Raha gani hiyo? Kwake yeye kupumzika ni kutoliona sufuria.

Na hapa pana mas-ala ya fiqhi ambayo wengi hawapendi yasemwe mbele ya wake zao. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo watu wa pwani hii wamelelewa nayo, hayamwajibishii mke kupika, kufua wala kusaga. Na ndiyo kauli ya wengi katika mafaqihi. Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, amezieleza kazi hizi kuwa ni ihsani na maisha ya wema ambayo wanawake wameyazoea, si wajibu ambao mke akiuacha anapata dhambi. Wapo wanachuoni wakubwa walioliona vingine. Shaykhul Islam Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wameona kwamba inampasa mke huduma kwa kadiri ya ada ya watu wa hali yake. Mimi nafsi yangu kauli hii ya pili naiona ina nguvu. Lakini tazameni: hata kwa kauli hii kipimo ni maarufu, yaani ada njema, na katika ada njema haimo kumpa kazi ya pili mtu aliyekwisha kufanya ya kwanza kutwa nzima. Na kwa kauli ile ya mwanzo, kila sahani aliyokuwekea mkeo ni sadaka, nawe umekuwa ukiipokea miaka yote kama deni.

Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) amesimulia katika hadithi ndefu jinsi alivyokuwa akimlisha farasi wa Zubayr, akiteka maji na kukanda unga. Kisha anasema kwamba hakuwa mzuri katika kuoka mikate, na majirani zake wa Kiansari ndio waliokuwa wakimwokea, akawasifu kwa ukweli wao. Binti wa Abu Bakr hajui kuoka, na anasema, na hadithi inaandikwa. Leo msichana akiolewa hajui kusonga ugali unaoshika, habari zinafika kwa mama mkwe kabla ya jua kutua.

Na Fatma (r.a.) alilalamikia alama za jiwe la kusagia mikononi mwake, akaenda kwa baba yake (s.a.w.) kuomba mtumishi. Yeye na Ali (r.a.) wakafundishwa, wanapopanda kitandani, tasbihi mara 33, tahmidi mara 33 na takbiri mara 34. Ibn al-Qayyim ananukuu kutoka kwa shekhe wake kwamba anayedumu na maneno haya hapatwi na uchovu wa kumshinda. Hilo ni kweli na tulishike. Ila nimesikia baadhi ya waume wakiifanya hadithi hii kuwa jibu la kumnyamazishia mke: wewe soma tasbihi, mimi nimekaa. Wanasahau kwamba Ali naye alifundishwa maneno hayohayo usiku uleule, kwa sababu naye alikuwa akiteka maji mpaka kifua kinamuuma.

Basi ewe uliyeuliza kwa kikaratasi cha pili, jibu lako ni kwamba utapumzika siku atakapoingia jikoni aliyeuliza kwa kikaratasi cha kwanza. Simaanishi yule ndugu hasa, wala simposi mtu hapa.

Yapo mambo ya utaratibu niyataje kwa haraka. La kwanza ni moshi. Hakuna utulivu katika chumba kinachowasha macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wengi wao ni wanawake na watoto. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mpaka 2034, wenye lengo la kuzifikia asilimia 80 ya kaya. Mpaka hapo, wengi wetu tuliopanga katika nyumba za korido bado tunatumia mkaa. Basi jiko la mkaa lisiingizwe chumbani likafungiwa mlango, hata mvua ikinyesha, hata likionekana limebaki majivu mekundu. Hewa inayotoka humo haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Mwenye uwezo wa gesi aiweke mitungi mahali penye hewa. Mume anayedai kwamba mkewe anafurahi jikoni, na jiko lenyewe halina dirisha, aanze kwa kutoboa dirisha.

La pili ni gharama. Sizungumzii mapishi ya sikukuu. Mchicha wa nazi, maharage, kisamvu kilichotwangwa vizuri, dagaa waliokaangwa kwa kitunguu na nyanya. Haya yanatosha, na mara nyingi ni nafuu kwa familia kuliko kila mtu kununua chipsi zake njiani akala amesimama. Kisha chakula cha kununuliwa barabarani kila mtu hukila kwa saa yake, watoto wamelala, mama amekula, baba anakuja na mfuko wake mweusi. Nyumba inakuwa ya watu wanaolala pamoja tu.

La tatu, jirani. Katika nyumba zetu hizi jiko liko uani na harufu haina ukuta. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke majirani zake. Wasia huu umo katika Sahihi Muslim, na uzuri wake ni kwamba haukumtaka mtu aongeze nyama. Maji tu.

La mwisho, kuna aliyeuliza pale nyuma, nami namuona ameshika saa: vipi chungu kikiwa motoni na adhana ikaadhiniwa? Imepokewa katika Sahihi Muslim katazo la kuswali chakula kikiwa kimehudhuria, na Nawawi ameeleza kwamba sababu yake ni moyo kushughulika nacho. Hilo ni kwa chakula kilichokwisha kuandaliwa na nafsi inakitamani. Ale haja yake, kisha aswali maadamu wakati upo. Ama kilicho bado motoni, aondoe makaa au azime gesi, afunike, aende akaswali. Wali hauharibiki kwa kungoja, na wengine hudai ukoko wake ndio huwa bora zaidi. Asiuache moto unawaka akaenda msikitini.

Muadhini ameshasimama. Maswali yaliyobaki yaandikwe, tutayachukua darsa lijalo inshaallah. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.